Kila Filamu ya Msiba na Mtani Wake

Edita na Shabani, mmeniomba niwaandikie namna ya kupanga vipengele vya tamasha, kwa kuwa mimi sasa ni mtu wa kulisha kuku tu. Haya, kuku wamekula, nimekaa kibarazani kwangu Nachingwea, naandika. Mlisema niandike kwa ufupi. Hilo mngemwomba mtu mwingine.

Kwa asiyeijua, kazi yenyewe ni hii. Tamasha letu la filamu la kimataifa hufanyika Dar es Salaam. Likimalizika, baadhi ya filamu zake hupakiwa kwenye gari na kuletwa kusini, Nachingwea kwanza, kisha Ruangwa. Huja zimegawanywa katika vipengele: Shindano Kuu, Filamu Fupi, Filamu za Kweli, Filamu za Watoto. Kazi yangu ilikuwa kuamua kipi kionyeshwe wapi, siku gani, mbele ya nani. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari, wakaniazima shuleni kwa wiki mbili, hawakunirudisha. Watu wa Ruangwa wakaniita Mzee Vipengele hata kabla sijaota mvi.

Siku ya kwanza tulikuwa kwenye ukumbi wa parokia, mchana, madirisha tumeyaziba kwa maturubai. Skrini ilikuwa marikani nyeupe. Kitambaa hakikutosha upana, fundi wa sokoni akaunganisha vipande viwili, na mshono ukakaa katikati kabisa. Kwa miaka kadhaa kila shujaa aliyefika Nachingwea alikuwa na mshono kuanzia kwenye paji la uso hadi kidevuni. Watoto walidhani waigizaji wa nje wote wamewahi kufanyiwa upasuaji.

Nikapanda jukwaani, nikatangaza kwa sauti ya darasani kwamba tunaanza na Shindano Kuu. Nyuma walikuwa wamekaa vijana waliotoka Mbwemkuru kwa pikipiki, wamevaa jezi. Mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, leo ni nani na nani?"

Nikamweleza kwamba filamu hazikutani uwanjani. Kila moja huonyeshwa peke yake, kisha waamuzi huchagua iliyo bora. Akanitazama kwa huruma.

"Sasa tutajuaje nani anaongoza?"

Wakajipangia wenyewe. Upande wa kulia wakawa wa filamu ya kwanza, wa kushoto wakawa wa filamu ya pili. Ilipoanza ya pili, upande wa kulia wakaizomea tangu majina ya mwanzoni. Mama mmoja ndani ya filamu hiyo alipojifungua salama, upande wa kushoto wote wakasimama wakapiga kelele, "Gooo!" Mimi nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Baadaye nilikuja kuona kwamba sijawahi kuona watu wakiitazama filamu ya kigeni kwa makini kiasi kile, na mpaka nastaafu sikuthubutu kuwakataza.

Filamu Fupi zilinitesa zaidi. Mzee mmoja alitembea kutoka Chinongwe kuja Ruangwa, akaingia, akakaa, filamu ikaisha. "Sijamaliza hata kufuta jasho," akasema. "Hii mngeniletea nyumbani." Tangu hapo sikuweka filamu fupi peke yake. Zifunge tano sita pamoja, na nyuma yake uweke ndefu moja ya kumpumzisha aliyetoka mbali. Shabani, hili usilisahau, maana wewe unapenda vitu vifupi.

Halafu kura za watazamaji. Mwaka wa kwanza tuligawa karanga, kila mtu aitumbukize yake kwenye kopo la filamu aliyoipenda. Karanga, Nachingwea! Makopo yakarudi matupu, watu wanatafuna. Mwaka uliofuata nikagawa korosho ghafi na maganda yake. Hakuna mtoto wa huku asiyejua mafuta ya ganda yanavyobabua midomo. Kura zote zikafika salama.

Ruangwa hatukuwa na ukumbi, tukapewa ghala la korosho la ushirika. Miezi ile ya katikati ya mwaka, kabla korosho hazijaanza kuanguka, ghala huwa tupu. Tulikunja magunia yakawa viti, tukifunga milango mikubwa giza linakuwa la kutosha hata saa nane mchana. Vumbi lilicheza kwenye mwanga wa projekta, na ukitoka nje nguo zote zinanuka korosho. Ukumbi wenye baridi na viti vya kukunja wa Dar es Salaam nimeufikia, sikatai. Ila humo watu wanakaa kimya kama wanasubiri majibu ya mtihani.

Aliyenifunza kazi hii ni Mama Skola. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mngoni wa Songea aliyeolewa Ruangwa, akafiwa na mume na asirudi kwao. Mimi ni Mmwera. Babu zake waliwahi kuja kutupiga na kutunyang'anya kuku. Vita ikaisha, ukabaki utani. Ninyi mnajua, lakini kuna watakaosoma hapa wasiojua: mtani wako anaweza kukutukana, akaingia jikoni kwako akafunua chungu chenye sungura wako, na huna ruhusa ya kununa. Ukifiwa, ni yeye anayekuja kupika, kuchota maji na kuwachekesha wafiwa hata kama hawataki. Jeneza likitoka, hulala njiani mbele yake. Halipiti mpaka apewe kitu cha marehemu.

Siku tuliyokutana, mimi na tai yangu shingoni, alinizunguka mara moja kama anayenunua mbuzi.

"Huyu mtumwa wangu nani kamvalisha kamba?"

"Karudishe kwanza kuku za babu yangu," nikamjibu, "ndipo uniulize habari za kamba."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia hapo tulifanya kazi pamoja hadi mwisho wake. Alikuwa mkalimani wetu. Wazee wengi hawasomi maandishi ya chini ya skrini, na wengine Kiswahili chenyewe ni cha sokoni tu, nyumbani ni Kimwera. Mimi nilitafsiri maneno ya filamu mapema, yeye alisimama pembeni ya skrini na kipaza sauti akayasema yote kwa Kiswahili chepesi na Kimwera kidogo: baba, mama, askari, mtoto, hata mbwa. Kabla ya kila filamu aliniuliza swali lilelile: "Humo wanakula saa ngapi?" Maana ukiweka filamu yenye sinia la wali saa saba mchana, ukumbi wote unakwenda nyumbani kupika. Chuo gani wanafundisha hilo?

Sasa niseme habari ya Marta, kwa sababu ndiyo mliyoitaka, hata kama mlijifanya mnataka ushauri.

Mwaka mmoja kabla yake tulionyesha kijijini Malolo filamu ya kweli kuhusu ndugu wawili wanaogombea shamba. Mtengenezaji wake, kijana mgeni mwenye kamera nzuri, alikuwepo. Filamu ilipoisha watu hawakutoka. Wakakaa kama baraza, wakasikiliza pande zote mbili, wakamhukumu kaka mkubwa, wakamtaka yule kijana aipeleke hukumu huko alikotoka. Akasema yeye alitengeneza filamu tu. Wakamwambia basi yeye ndiye shahidi, atakwendaje bila kutoa ushahidi? Maskini, alirudi Dar es Salaam akashtaki kwamba alishikwa mateka.

Mkurugenzi wa tamasha akanipigia simu. Ni mama mwenye akili na mwenye haki, lakini hana maneno mengi.

"Hamisi, mgeni mmoja tena akinilalamikia, gari haliji kusini."

Nilikaa na sentensi hiyo mwaka mzima. Gari lisipokuja, hakuna ghala, hakuna vijana wa Mbwemkuru, hakuna Mama Skola na mbwa wake wa kubweka. Filamu zingebaki Dar es Salaam na sisi tungebaki na simu zetu, kila mtu kainamia yake.

Basi akaja Marta. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka nchi ya baridi na kondoo, mrefu, mpole, na kichwani kofia ya zamani ya sufu, pana, iliyopauka. Filamu yake ilikuwa katika Filamu za Kweli. Ilihusu mwaka wa mwisho wa baba yake, mfugaji wa kondoo, mzee mkali aliyegombana na majirani wote kwa sababu ya ua wa mpaka. Kofia ile ilikuwa ya huyo baba. Unamwona nayo tangu mwanzo wa filamu, na mwisho anakufa, na msiba ule ni wa kweli. Nikamweleza Mama Skola yote hayo.

"Kwa hiyo tuwe na adabu," nikasema.

"Mimi lini nimekosa adabu?" akaniuliza. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, akanipiga kofi la mkononi.

Ghala lilijaa. Watu walimpenda yule mzee mara moja. Alivyomfokea jirani, wakasema, huyu babu yangu mimi. Alivyomtupia mbwa mfupa kisha akajifanya hakumwona, wakacheka. Mama Skola alimpa sauti nzito yenye kukwaruza, na kwa kweli mpaka leo mimi namkumbuka yule mzungu akizungumza Kiswahili cha Songea. Marta alikaa gunia la mbele, karibu nami, kofia kichwani, akitabasamu kila watu wanapocheka.

Kisha mzee akafa. Ikaja sehemu ambayo Marta alijivunia kuliko zote: wanaume wanabeba jeneza kutoka nyumbani hadi kanisani, njia ndefu, upepo unavuma, hakuna neno hata moja. Majirani wamesimama kando kwa nguo nyeusi, mikono mbele, wamekauka. Dakika zinakwenda. Mama Skola hana cha kutafsiri. Namwona pembeni anahamisha uzito wa mwili, mguu huu, mguu ule. Kwenye magunia watu wameanza kunong'ona.

"Mbona hakuna anayelia?" mwanamke mmoja akauliza.

"Na watani wako wapi?" mwingine akasema.

Hapo Mama Skola akaweka kipaza sauti chini. Nikajua. Nilijaribu kumpa ishara ya mkono, mtani wangu hakunitazama hata kidogo. Akafungua kanga ya begani, akaitandika sakafuni mbele kabisa ya skrini, akalala chali, mikono ameitanua.

"Hapiti!" akapiga kelele. "Mtu gani anazikwa kimya hivi kama mhogo uliooza? Hana watu huyu? Haya, mtani wake ni mimi! Alikuwa mchoyo, alikuwa mkali, kagombana na nchi nzima! Hapiti hapa mpaka nipewe kofia yake!"

Loo! Ghala likalipuka. Wamwera wenzangu, badala ya kunisaidia, wakajifanya ndio wafiwa. "Mpishe, mama, jua kali!" "Mpishe, kondoo zake zinalia!" Naye: "Zilie! Kofia!" Na picha ya wale wabebaji ikaendelea kutembea juu ya kanga yake, jeneza likimpita kifuani, wao kimya, sisi kelele.

Akilini nikaona gari likigeuza kurudi Dar es Salaam, taa nyekundu za nyuma, basi. Marta akasimama. Akainama kwangu akauliza kwa Kiingereza, "Anasema nini?"

Jamani, elezeni utani kwa pumzi moja, filamu inakwenda, msiba ni wa baba wa mtu. Nilisema lililokuja mdomoni. "Anasema baba yako hapaswi kwenda bila mtani. Amejitolea yeye. Sasa amezuia njia, na anataka kofia."

Marta alimtazama Mama Skola pale chini, akaitazama skrini, nikaona huyu sasa anatoka. Akapiga hatua. Hakwenda mlangoni. Aliingia kwenye mwanga wa projekta, kivuli chake kikasimama katikati ya wale majirani waliokauka, akavua kofia, akapiga magoti, akampa.

Mama Skola akaivaa kichwani papo hapo. Akajiviringisha pembeni, akakunja kanga.

"Pita, baba," akasema, na safari hii kwa sauti ya chini. "Umelipiwa. Pita salama."

Kicheko kikakatika, na wanawake wakaanza kulia. Si kidogo, ni kile kilio chetu chenyewe cha kumsindikiza mtu. Marta alilia palepale sakafuni, amekumbatiwa na Mama Skola, na katikati ya kulia akawa anacheka, na akicheka analia tena. Mimi nililia pia, na sioni aibu. Filamu iliisha na hakuna aliyeangalia majina ya mwisho.

Nilikuwa nimepanga mchana huo twende Chinongwe na Filamu za Watoto. Hatukwenda. Wanawake walitandika mikeka kivulini mwa ghala, wakapika, wakamlisha Marta, wakamwuliza habari za baba yake: aliumwa nini, kondoo wamebaki kwa nani, yule jirani wa ua alikuja kuomba radhi? Alikuja, akasema Marta. Wakaridhika sana. Mimi nilitafsiri mpaka sauti ikakauka. Jioni, kabla jua halijazama, nikampigia Mkurugenzi mwenyewe. Nilitaka alisikie kwangu.

"Nani alilala mbele ya skrini?" akauliza. Habari ilikwishamfikia, hii nchi!

"Mkalimani wetu."

"Na mgeni?"

Nikampa Marta simu. Sikusikia upande wa pili. Nilisikia Marta akisema kwamba filamu yake imeonyeshwa katika nchi nyingi, na kila mahali watu walimpa mkono, wakamwambia pole, wakaondoka. Mkurugenzi akataka simu irudi kwangu. "Hamisi," akasema, "mwakani gari litatoka mapema, barabara ni mbaya."

Asubuhi Marta akaja kuomba kofia yake. Ilikuwa ya baba, na alidhani ule ulikuwa mchezo wa siku moja. Mama Skola alikuwa anapepeta mchele, kofia kichwani.

"Mwambie kitu cha mtani hakirudi," akaniambia. "Sasa na yeye ni mtani wangu. Akiitaka, siku nikifa aje alale njiani kama mimi."

Nikatafsiri neno kwa neno. Marta alicheka, akaondoka kichwa wazi na shingo imeshaanza kuungua, ikabidi nimnunulie kofia ya makuti sokoni.

Tangu mwaka ule niliweka kanuni, nanyi mtaikuta: filamu yoyote yenye msiba ndani yake, katika kipengele chochote, haionyeshwi mpaka ukumbini awepo mtani wa kuisimamia. Dar es Salaam walicheka. Kisha wageni wakaanza kuomba filamu zao ziletwe kusini, hasa wenye marehemu. Mama Skola amewazikia watu wa nchi ambazo hakuweza kuzitaja majina. Wengine aliwadai viatu, mmoja alimdai gitaa. Na mvua, na jua, na sokoni, na kanisani, ile kofia ilikuwa kichwani kwake. Padre alimwomba aivue wakati wa misa. Aliivua wakati wa sala tu.

Mwaka jana Marta alirudi na filamu nyingine. Tulikuwa Nachingwea, tunafunga skrini ile mpya isiyo na mshono, simu ikaja kutoka Ruangwa. Mama Skola ameamka, amekunywa chai, amesema anajinyoosha kidogo. Hakuamka tena.

Siku ya maziko ua wake ulijaa. Wamwera tulikuwa wengi, na mnajua kazi ilikuwa ya nani. Mtani wake mkubwa alikuwa mimi. Watu wote walinitazama mimi, wanasubiri nianze, nimwite mwizi wa kuku, nilale. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Miaka yote ile tulitukanana kila asubuhi, na siku moja aliyonihitaji nikasimama pale kama wale majirani wa kwenye filamu, mikono mbele, nimekauka. Jeneza likatoka mlangoni. Juu yake watoto wake walikuwa wameweka kofia, kama alivyoagiza. Wabebaji wakaanza kutembea, kimya, na nikaona kabisa kwamba mtani wangu anakwenda kuzikwa kama mhogo.

"Hapiti!"

Sauti ilikuwa ya kigeni, imevunjika. Marta alikuwa ametandika kanga vumbini, amelala chali, mikono ameitanua kama alivyoonyeshwa. Kiswahili chake chote alikuwa amekimaliza kujifunza kwenye gari asubuhi ile. "Hapiti! Mwizi! Kofia yangu! Kofia ya baba!"

Kisha mwanamke mmoja nyuma akacheka, kikapokewa, na ua mzima ukalipuka kama lilivyolipuka ghala. Hapo nikalala pembeni ya Marta na shati langu jeupe.

"Na kuku za babu yangu!" nikapiga kelele. "Hapiti mpaka azilipe! Zimeshazaana, nataka na vifaranga!"

Nilikuwa nalia, nacheka, sijui kipi. Walitubembeleza, tukakataa. Walituomba kwa jina la Mungu, tukawaambia yeye mwenyewe hakuwa na haraka ya kuonana na Mungu, leo haraka ya nini? Mwishowe mwanawe mkubwa akaichukua kofia juu ya jeneza, akampa Marta. Tukajiviringisha pembeni, mmoja huku, mmoja kule.

"Pita, mama," nikasema. "Umelipiwa."

Marta aliishika kofia kwa muda, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Nilidhani ataivaa. Akanivalisha mimi.

Basi ninayo, na hivi ninavyoandika iko kichwani. Edita, wewe ni Mngoni. Nimekuona unavyoitazama kila unapokuja kunisalimia, na unaniuliza afya yangu mara nyingi kuliko inavyohitajika. Ukiitaka, namna ya kuidai unaijua. Na ulalie kanga nzito, ua wangu una mawe.